Uliliona, Ulilisikia, au Ulilisoma? Kuwaandaa Walimu Kufundisha Vita Baridi

Naandika haya kwa mwalimu yeyote atakayepewa jukumu kama nililopewa mimi: kuwakusanya walimu wenzake wa historia na kuwaongoza katika kufundisha migogoro ya kisiasa iliyoitikisa dunia karne ya 20. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata hapa Temeke, Dar es Salaam. Jukumu lilinijia kupitia MEWAKA, utaratibu wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambao unataka walimu wakae pamoja na kusaidiana katika mada zinazowasumbua. Walimu wa historia wa shule zetu za jirani walipoulizwa ni mada zipi zinawatoa jasho, majibu yalifanana: Vita Kuu mbili, Vita Baridi (ule ushindani wa Marekani na Umoja wa Kisovieti), na Afrika katika mambo ya kimataifa.

Ukiwasikiliza juujuu utadhani shida ni maarifa. Walimu wetu wanajua. Mwalimu wa kidato cha nne atakutajia bila kufungua daftari kwamba NATO iliundwa 1949 na Mkataba wa Warsaw 1955, kwamba vita vya Korea vilianza 1950 vikasimama 1953, kwamba Ukuta wa Berlin ulijengwa 1961 na kuanguka 1989. Anakwama pale mwanafunzi wa dawati la nyuma anaponyoosha mkono na kuuliza, "Sasa mwalimu, hapo nani alikuwa na haki?" Hapo wengi tunageukia ubao na kuendelea na hoja ya nne. Baada ya kuyapitia mafunzo yale nimefikia msimamo mmoja ambao siuachi kirahisi: mwalimu hawezi kufundisha mgogoro mpaka azoee yeye mwenyewe kukaa katikati ya maelezo mawili yanayogombana, asikimbie, na aweze kusema ni ushahidi upi unaomfanya aegemee huku au kule. Mafunzo yasiyompa mazoezi hayo yanamwongezea notsi tu.

Tulianza na moduli tuliyoletewa. Ilikuwa imeandaliwa nje ya nchi, imepangika vizuri, ina picha za rangi na inadai projekta. Ilianzia Yalta na Potsdam 1945, ikapitia Tamko la Truman la 1947 na Mpango wa Marshall, ikaishia Berlin. Walimu walifika mapema, wakakaa kwa utulivu, wakanakili kila kitu. Hadi saa nne hakuna aliyembishia mwenzake. Mtu anayetafuta nidhamu angesema mambo yamekwenda vizuri. Mimi nilikuwa naona chumba kizima cha watu wazima wenye shahada wakinakili miaka ambayo tayari wanayo kwenye maandalio yao ya masomo.

Mjadala ulizuka wakati wa chai. Kijana mmoja anayefundisha upande wa Yombo alisema Marekani haikuwahi kuhangaika na sisi, sisi tulikuwa watu wa Mchina. Mwalimu mwenzetu aliyekaribia kustaafu akamkatiza: "Mwanangu, lami ya kwenda Tunduma unadhani Marekani haikutia mkono?" Chapati zikaachwa kwenye sahani. Mmoja akasema reli ya TAZARA, ile Wachina waliyoijenga kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, ilijengwa kwa urafiki, mwingine akasema hakuna urafiki wa kilomita 1,860, lazima kulikuwa na hesabu. Mwingine akauliza kama Zambia isingebanwa na Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, hiyo reli ingekuwepo kweli. Tulirudi ndani tumechelewa, na sikuirudia moduli.

Fikiria utajiri uliopo katika jambo hilo moja. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia inajitangazia uhuru. Zambia, nchi isiyo na bahari, inajikuta shaba yake na mafuta yake vyote vinapita kwa jirani adui. Wafadhili wa Magharibi waliombwa reli ya kwenda Dar es Salaam wakasema hailipi. China ikakubali, mkataba ukatiwa saini Beijing mwaka 1967, mkopo usio na riba, ujenzi ukaanza 1970, na 1976 reli ikakabidhiwa. Kipindi hichohicho Marekani inakuwa miongoni mwa wanaogharamia barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, na Waitaliano wanakuwa wamekwishalaza bomba la mafuta la TAZAMA, lililoanza kazi 1968. Reli, barabara na bomba vinaelekea kulekule, kila kimoja na mfadhili wake na hesabu zake. Mwanafunzi wa Vingunguti anapita mbele ya stesheni ya TAZARA kila anapokwenda mjini. Kwa nini aanzie Potsdam?

Kwa hiyo tulipanga upya: kila mada ianzie kwenye jambo lililopita Dar es Salaam, kisha itoke nje kwenda Washington, Moscow, Beijing au Havana. Natahadharisha hapohapo. Kuna walimu walioupenda mpango huu mno hata kila kitu kikawa Nyerere. Vita Baridi havikuanzia Ikulu ya Magogoni. Ukianza na TAZARA, lazima ufike kwenye ugomvi wa China na Umoja wa Kisovieti, maana bila huo mwanafunzi ataamini wakomunisti walikuwa kambi moja tu na hataelewa kwa nini China ilikuwa na hamu kubwa ya kuonekana Afrika ikiwa na sura yake yenyewe.

Zoezi lililotusaidia zaidi kufika nje lilikuwa la Ujerumani mbili. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar ilitambua Ujerumani Mashariki. Aprili ukaja Muungano. Ujerumani Magharibi ilikuwa na sera ya kuiadhibu nchi yoyote itakayoitambua ile ya Mashariki, na yenyewe ndiyo iliyokuwa ikisaidia kujenga vikosi vyetu vya anga na majini. Serikali ikajaribu njia ya kati: Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo tu Dar es Salaam, bila kutambuliwa kamili. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ikaondoa msaada wa kijeshi mwaka 1965, na Mwalimu Nyerere akawaambia waondoe na misaada mingine ya kiserikali. Tuligawa washiriki makundi manne: Bonn, Berlin Mashariki, Unguja na Dar. Kila kundi likapewa ukurasa mmoja wa hali yake na dakika 20 za kuamua linataka nini na linaweza kuachia nini. Walimu waliokuwa "Dar" walitoka jasho kweli. Mmoja wao aliniambia kwamba amefundisha sera ya kutofungamana na upande wowote kwa miaka, akiwataja kina Nehru wa India, Tito wa Yugoslavia na mkutano wa Belgrade wa 1961, na siku hiyo ndiyo alihisi kwamba kutofungamana kulikuwa na bei na kuna watu waliokaa mezani wakailipa.

Zoezi la Kuba tulilifanya kwa bahasha, nalo ningependa kila shule iwe nalo kwa sababu halihitaji chochote zaidi ya karatasi. Bahasha ya kwanza ni Oktoba 16, 1962: Rais Kennedy wa Marekani anaonyeshwa picha za makombora ya Kisovieti yaliyoko Kuba, zilizopigwa na ndege ya upelelezi. Ya pili ni Oktoba 22, anahutubia taifa na kutangaza kuzuia meli. Ya tatu, Oktoba 24, kizuizi kinaanza kazi na meli kadhaa za Kisovieti zinasita na kugeuza. Ya nne, Oktoba 27, ndege ya U-2 inatunguliwa juu ya Kuba na rubani Rudolf Anderson anafariki. Ya tano, Oktoba 28, kiongozi wa Kisovieti Khrushchev anatangaza kuondoa makombora. Makundi yanafungua bahasha moja baada ya nyingine na kuamua: mnashauri nini sasa? Sharti ni moja, kwamba huruhusiwi kutumia habari iliyomo kwenye bahasha ambayo haijafunguliwa.

Kwa walimu sharti hilo ni gumu kuliko kwa wanafunzi. Wao wanajua mwisho. Kwenye bahasha ya nne kundi la Washington lilikuwa tulivu kabisa, likasema "tusubiri tu, kesho atakubali." Nililazimika kuwasimamisha na kuwaambia: hamjui kama kuna kesho. Wakasoma tena, safari hii polepole, na ndipo mmoja akasema yeye angeshambulia. Nataka walimu wafike mahali hapo. Asiyeelewa kwamba watu wale hawakuujua mwisho hawezi kumfundisha mtoto kwa nini waliogopa.

Kisha tukatoa bahasha ya sita, ambayo hatukuwa tumeitaja: Marekani ilikubali kwa siri kuondoa makombora yake ya Jupiter yaliyokuwa Uturuki. Waliokuwa wameandika "Kennedy alishinda" wakaanza kufuta. Aliyenigusa zaidi ni mwalimu aliyekuwa upande wa Kuba. Alisimama kwa hasira ya kweli: "Mbona tangu asubuhi hakuna aliyetuuliza sisi? Kombora liko kwetu, ndege imeanguka kwetu, na wanamalizana wao kwa wao." Ndivyo ilivyokuwa, Castro, kiongozi wa Kuba, hakushirikishwa katika makubaliano yale na alikasirika sana. Mazungumzo yakahamia kwetu yenyewe bila mimi kusukuma. Tanganyika wakati huo haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja wa uhuru. Nchi changa kama ile ingefanya nini ikijikuta katikati?

Sasa niseme kuhusu wazee, maana hapa ndipo penye somo lililonibadilisha.

Tulimwalika mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyeajiriwa akiwa kijana wakati ujenzi ukiendelea. Tulimpa kiti kizuri, tukamwamkia, akaanza. Alieleza kambi, chakula, mabonde na mahandaki ya kipande cha Mlimba kuelekea Makambako, jinsi wasimamizi wa Kichina walivyokuwa wakibeba mataruma pamoja na vibarua. Halafu akasema, kwa uhakika wote, kwamba Wamarekani walifanya kila njama reli ile ishindwe. Kalamu zote zikaandika. Nilipouliza kama kuna maswali, mmoja akasimama kumshukuru mzee kwa historia nzuri, wengine wakapiga makofi, na ikaelekea kuishia hapo. Ungekuwa utovu wa adabu kumhoji mtu wa umri wa baba yako aliyekuja kukusaidia. Kila mmoja wetu amelelewa hivyo na sitaki tulelewe vingine.

Ndipo mwalimu mmoja wa Mbagala, mama mtulivu ambaye hakuwa amesema sana, akanyanyuka. "Shikamoo tena, mzee wangu. Naomba nikuulize kwa heshima, ili nikawafundishe wajukuu zako vizuri. Hilo la Wamarekani, uliliona, ulilisikia, au ulilisoma baadaye?"

Mzee alinyamaza kidogo. Akasema, "Hilo nililisikia, binti yangu. Tuliambiwa kwenye mkutano wa wafanyakazi. Niliyoyaona kwa macho yangu ni mengine." Na akatueleza aliyoyaona. Alieleza ukingo wa udongo uliomfukia kijana mwenzake na jinsi walivyochimba kwa mikono pamoja na mafundi wa Kichina ambao hawakuwa na lugha moja nao. Alieleza hofu ya nyumbani kwao, baba yake akimkataza kurudi kazini. Alieleza mshahara na alichonunua nao. Mambo hayo hakuwa ameyasema mwanzo kwa sababu alidhani tunataka siasa. Swali la yule mama halikumvunjia heshima, lilimpa nafasi ya kuwa shahidi wa maisha yake mwenyewe.

Tangu siku hiyo swali hilo lenye sehemu tatu limekuwa ndiyo zana yetu kuu. Tuliliandika kwenye bango kitita, safu tatu, na tukapeleka humo kila ushahidi: gazeti la chama la miaka ile, taarifa ya balozi, picha, kumbukumbu ya mzee. Mwandishi wa gazeti aliona? Aliambiwa na nani? Wakati anaandika alitaka msomaji aamini nini? Ukitaka zoezi fupi la kulitumia, chukua kisa cha Januari 1965, serikali yetu ilipowafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, Frank Carlucci na Robert Gordon, baada ya mazungumzo yao ya simu kunaswa. Upande mmoja uliona njama. Upande wa pili ukasema walikuwa wakizungumzia salamu za pongezi za kutimiza mwaka wa Mapinduzi. Waulize walimu: serikali iliyoona jeshi lake likiasi Januari 1964, na Kongo jirani ikiwaka moto, ilikuwa na sababu gani za kusikia hatari? Kueleza kwa nini mtu alihofu si kusema kwamba hofu yake ilikuwa sahihi. Wengi hulichanganya hili, na inafaa kulirudia mara nyingi.

Kuhusu kumwalika mzee, mambo machache ya kawaida ambayo yakiachwa yanaharibu siku. Nenda kwake kabla, umweleze kwamba ataulizwa maswali na kwa nini, umwombe ruhusa ya kurekodi. Mlipie nauli au bajaji kwenda na kurudi. Saa moja inatosha. Usimpeleke mbele ya mkondo wenye wanafunzi 80. Chagua kundi dogo litakalowapelekea wenzao. Na kama mzee amechoka au habari imemgusa, kikao kimekwisha, hata kama ratiba inasema kuna nusu saa.

Habari zinagusa. Hilo moduli ya nje haikulisema kabisa. Tulipofika Zanzibar 1964, mwalimu mwenzetu ambaye ukoo wake unatoka Unguja alifunga daftari na kutoka. Nilimfuata. Tulikaa kwenye kibaraza bila kusema, kisha akaniambia, "Dada, kwetu habari hii haizungumzwi, hata kwenye arusi mama anaikwepa." Ndani ya chumba hichohicho walikuwepo waliojifunza tangu shule ya msingi kwamba ni siku ya ukombozi, na kwa ukoo wao ilikuwa hivyo kweli. Nilijisikia mzigo mkubwa, maana mimi ndiye niliyeweka mada mezani, na kilichokuwa kwenye ratiba kama kisa cha Vita Baridi kwake kilikuwa msiba.

Alirudi baada ya chakula kwa hiari yake. Tulichokubaliana pamoja baadaye ni hiki: mada zinazogusa damu zitangazwe mapema, siyo mtu akutane nazo ghafla, mshiriki awe na haki ya kukaa kimya au kutoka bila kuulizwa, na kamwe tusipige kura ya mikono kuhusu nani alistahili nini. Darasani ni hivyohivyo. Katika jiji hili kuna watoto ambao wazazi wao walikimbia Kongo, Burundi au Rwanda, na wengine babu zao walipigana Kagera. Unapoeleza kwamba Libya ilimpelekea Idi Amin askari mwaka 1979, kumbuka kwamba nyumbani kwa mwanafunzi wako kunaweza kuwa na picha ya mtu ukutani ambaye hakurudi kutoka Uganda.

Kuna kisa kingine ambacho wanafunzi hukipenda sana, kifo cha Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliyeuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, Oysterbay, tarehe 3 Februari 1969. Kinafaa, lakini kina mtego. Darasa likiachiwa litakigeuza hadithi ya upelelezi, nani alikituma kitabu, na muda wote utakwisha hapo. Mrudishe mwanafunzi kwenye mambo makubwa: Ureno mwanachama wa NATO inapigana kubakiza makoloni, chama cha ukombozi kilichoasisiwa Dar es Salaam 1962 kinapata silaha Mashariki, na kiongozi wake ni mtu aliyesoma na kufundisha chuo kikuu Marekani. Mwulize mwanafunzi mtu huyo alikuwa wa kambi gani. Akishindwa kujibu kwa neno moja, somo limeingia.

Kuhusu Vita Kuu ya Kwanza tulitoka kwa miguu. Nauli ya daladala hadi Posta ndiyo gharama pekee. Sanamu ya Askari ilisimamishwa 1927, mahali ambapo kabla ya Waingereza kuuteka mji 1916 ilikuwepo sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann. Maandishi yake yanawataja na wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Tuliwaacha walimu wazunguke, wasome, kisha tukauliza: askari waliopigana upande wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, nao wana wa nchi hii, wako wapi kwenye mnara huu? Basi. Jua lilikuwa kali, hatukukaa sana, lakini swali hilo liliwafuata hadi kwenye gari.

Nije kwenye mtihani, kwa sababu kila mwalimu atauliza na ana haki ya kuuliza. "Madamu, haya yote mazuri, lakini NECTA wanataka hoja sita." NECTA ni Baraza la Mitihani. Usimpuuze. Mwalimu huyo anapimwa kwa matokeo, mkuu wa shule anapimwa kwa matokeo, na mzazi anamlipia mtoto masomo ya ziada kwa ajili ya matokeo. Kila kipindi tulikimalizia kwa kuandika jibu la insha moja. Baada ya zoezi la bahasha, washiriki waliandika sababu za mgogoro wa Kuba, kisha wakatakiwa kuzipanga: ipi ingeondolewa mgogoro usingetokea? Hoja zilibaki sita, lakini zikaanza kushikana. Mwanafunzi wa namna hiyo anajibu vizuri swali linalosema "orodhesha" na hatetereki linaposema "tathmini". Hilo ndilo lililowashawishi waliokuwa na wasiwasi, kuliko maneno yangu yoyote kuhusu kufikiri kwa kina.

Na lugha. Nashauri bila kusita: mafunzo yafanyike kwa Kiswahili. Siku ya kwanza tulitumia Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya somo sekondari, na watu wawili watatu wenye ufasaha ndio walioongea. Tulipohamia Kiswahili mama yule wa Mbagala alipata sauti, na umeona alichotuletea. Baada ya mjadala ndipo tukakaa kuandika kwa Kiingereza maneno na sentensi ambazo mwanafunzi atazihitaji kwenye mtihani. Mtu akishajua anachobishania, sentensi za kukisemea anazipata.

Gharama. Waeleze watu ukweli kwenye barua ya mwaliko: posho ipo au haipo. Kwetu haikuwepo. Wapo walioondoka walipolijua hilo, na siwalaumu. Mwalimu anayeishi Chanika akija Temeke anatumia nauli yake mwenyewe na siku yake ya mapumziko. Ukumbi tulioahidiwa na ofisi moja ulichukuliwa kwa kikao kingine dakika za mwisho, tukahamia darasa la kidato cha pili lisilo na feni. Tangu hapo naamini katika darasa lililo karibu zaidi ya ukumbi wa kuahidiwa. Kopi ndizo zinazomaliza fedha. Stationeri kwa shilingi 100 ukurasa, ukizidisha kwa washiriki na bahasha zote, unajikuta umetumia fedha ya umeme ya nyumbani. Punguza: kila chanzo kisizidi nusu ukurasa, nakala moja kwa watu wanne, na zikusanywe mwisho zitumike tena.

Hofu ya siasa nayo ipo, tena ni ya kweli. Mwalimu ni mtumishi wa umma, na darasani mwanafunzi atatoka kwenye Kuba aje Ukraine, Gaza au mashariki ya Kongo kwa pumzi moja. Sisi tulikubaliana kutomkatisha. Swali linaandikwa pembeni ya ubao, na darasa linaulizwa: ili tulijibu kama tulivyojibu lile la 1962, tungehitaji ushahidi gani, kutoka pande zipi? Mwalimu hatakiwi kutaja mshindi wala kutangaza msimamo wake.

Kazi kubwa ni baada ya mafunzo. Tulitembeleana darasani, kila mmoja akimwangalia mwenzake na kukaa naye baadaye. Mkondo wa wanafunzi zaidi ya 90 haugawanyiki makundi manne ya kupendeza. Yule kijana wa Yombo alitatua hivi: bahasha alizisoma yeye kwa sauti, kila dawati likawa nchi moja, na baada ya kila bahasha wanafunzi wa dawati waliinamiana dakika mbili na kuandika uamuzi wa mstari mmoja. Kelele zilikuwa nyingi hata mwalimu wa taaluma akachungulia dirishani. Alibaki hapo mpaka bahasha ya nne.

Kwa atakayeanza, tafuta vyanzo mapema kuliko kitu kingine chochote. Magazeti ya miaka ya 1960 na 1970 anza kuyaulizia Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Nenda na barua ya utambulisho ya mkuu wa shule yenye muhuri na kitambulisho chako, na uulize kwanza kama unaruhusiwa kupiga picha kwa simu. Juu ya kila nakala andika palepale jina la gazeti, tarehe na ukurasa, nyumbani hutakumbuka. Kipande kisicho na tarehe hakitamfaa mwanafunzi ambaye unataka aulize nani aliandika, lini, na aliyajuaje.